Samaki Mwenye Watoto Kinywani

Biryogo, Kigali
2 Agosti 1992

Kwako Dada yangu mheshimiwa, Mama Kaze,

Baada ya kukutakia amani, nataraji waraka huu utakukuta na afya, na kwamba kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimekwisha kutulia. Sisi ni wazima. Kaze amerefuka hata gauni lake la Idi nimelishusha pindo mara mbili.

Barua yako nimeipokea. Umeuliza, kwa haki yote, kwa nini likizo imetimiza wiki tatu na binti yako hataki kuja kwako Rwamagana, na kwa nini hawagusi tilapia wa ziwa Muhazi unaotutumia kwa basi. Umeandika kwamba huenda mji umemtia kiburi. Kwa heshima zote, naomba kukanusha. Kosa ni langu, nami nalieleza kwa utaratibu.

Mwezi wa nne nilinunua sokoni kitabu cha wanyama, cha Kifaransa, kisicho na jalada. Kila jioni, nikimaliza kuwaandikia watu barua zao za maombi, nilimsomea Kaze ukurasa mmoja. Tulimwona pweza mwenye mioyo mitatu, yote imechorwa kwa rangi nyekundu. Tulimwona kakakuona aliyejikunja akawa mpira wa magamba, na simba anazunguka asijue pa kuuma. Kaze alinitania kwamba Mjomba naye hujikunja vivyo hivyo maji ya kuoga yakiwa baridi.

Kisha tukafikia tilapia aliyepanua kinywa, na ndani mmejaa vitoto vyake. Nikasoma kwamba samaki huyu hula watoto wake. Kaze hakucheka. Aliuliza kama mama huyo amewachoka. Nikajibu bila kufikiri kwamba bila shaka, maana watoto ni wengi na chakula ni kidogo. Sikukumbuka kwamba ndivyo walivyosema majirani ulipomleta kwangu baada ya msiba wa shemeji. Tangu siku hiyo hakukutaja tena.

Juzi jirani yetu, mwalimu Gaudiose, alikuja kuazima pasi, akakichukua kitabu akasoma. Akauliza ni nani aliyesema vitoto vinaliwa. Akasema imeandikwa kwamba mama huvificha kinywani visidhuriwe, na siku zote hizo yeye hali kitu.

Dada, yanipasa kukiri nililokuficha kwa miaka sita. Kifaransa sikijui. Niliyokuandikia kwamba nimekisoma hata kukihitimu yalikuwa ya kujikweza. Nilikuwa nikisoma picha. Nilimwambia Kaze hivyo mbele ya mwalimu.

Hakunicheka. Alimwuliza mwalimu kama mama huyo haoni njaa. Akajibiwa kwamba anaiona, ila anavumilia. Akauliza mwishowe anawaachilia wapi. Mwalimu akasema ni penye maji machache na majani, ambapo samaki wakubwa hawafiki. Kaze akatazama chumba chetu, akasema basi ni hapa kwa Mjomba. Kisha akaniuliza basi la Rwamagana linaondoka saa ngapi.

Nitamleta Jumamosi, kwa basi la asubuhi linalopitia Kabuga. Nakuomba radhi kwa unyenyekevu, na uwasalimie wote wa nyumbani kwa majina yao. Ombi langu ni moja tu: uwe kituoni wewe mwenyewe, usimtume mtu.

Ni mimi ndugu yako akupendaye,
Usumani