Ukuta wa Miasenyi

Jumatatu, 7 Aprili

Kuta nne leo. Kinyozi wa karibu na reli, bucha, kinu cha unga, kibanda cha maji. Kwa kinyozi: KICHWA CHAKO, KAZI YANGU. Kwenye kibanda: MAJI SAFI YAPO. Hayapo tangu Alhamisi.

Nimepiga picha, kisha nimenakili kwenye daftari la miraba. S zote na mkia wake. S ya Baba ina mkia unaojikunja chini kama wa kinyonga. Hakuna mwandika vibao mwingine hapa Voi anayeiandika hivyo.

Nikiingia tu Mama ananipokonya simu kabla sijavua viatu. Anakuza picha kwa vidole viwili. Yeye hatoki, anakaa eda. Miezi minne na siku kumi, umebaki kama mwezi mmoja. Baba alifariki Januari, ghafla, brashi zake zikiwa bado kwenye mkebe wa mafuta ya taa. Hakuacha barua wala daftari. Maandishi yake yote yako kwenye kuta za watu, na watu hupaka rangi upya. Ndiyo maana natumwa.

Nachukia kuomba. Kila duka nijieleze: mimi binti wa marehemu, naomba kupiga picha ukuta wako. Leo pale bucha sauti iligoma kabisa. Nikanunua matumbo kwanza, ndipo nikaomba. Nyumbani hakuna aliyeyataka.

Jumatano, 9 Aprili

Mama amenisimulia jambo ambalo sikulijua. Alipokuwa msichana alimsaidia Mjomba kwenye hoteli yake Miasenyi, pale kando ya barabara kuu. Baba aliitwa kuandika CHAI, MAHAMRI, MAHARAGWE. Kazi ya siku moja. Aliifanya siku tatu. Siku ya tatu akaongeza mstari mdogo chini, kona ya kulia, bila kuagizwa na mtu:

HATA NIKISHIBA NITARUDI.

Mjomba alitaka kuufuta. Mama akamwambia auache. Alishajua umeandikiwa yeye.

Na Baba akarudi kweli. "Hiyo ndiyo barua yangu," Mama amesema. "Sikupata nyingine."

Naamini. Baba hakuwa msemaji. Nimemrithi hapo. Wakigombana ilikuwa ni juu ya rangi tu. Kila herufi alikuwa anaipaka mara tatu, Mama analalamika anamaliza mikebe bure, yeye anajibu, "Herufi lazima isimame." Basi.

Mjomba aliuza hoteli zamani akahamia Taveta. Mama anataka picha ya ukuta ule kuliko zote. Niende Ijumaa.

Ijumaa, 11 Aprili

Naandika hapa kwa sababu kwa mdomo sitaweza.

Nimefika Miasenyi. Ukuta nimeuona. Hoteli sasa ni duka la spea za pikipiki. Kuna benchi limeegemezwa ukutani, kona ileile ya kulia, na wanaume sita wamekaa. Nilisimama ng'ambo ya barabara kwa mama muuza ndizi. Kutoka pale nilisoma HATA NIKI. Maneno mengine yalikuwa nyuma ya kichwa cha mtu mwenye kofia nyekundu.

Nilikaa kama saa nzima. Malori yanapita, nasema likipita hili navuka. Likipita hili. Yule wa kofia akapaza sauti, "Dada, unangoja lori ama unangoja mume?" Wakacheka wote. Masikio yaliniwaka moto.

Na nilikiona kingine. Mlangoni kulikuwa na mikebe mikubwa ya rangi ya kijani, mipya, na ngazi. Mimi ni mtoto wa mwandika vibao. Najua ngazi na mikebe maana yake nini.

Sikuvuka. Nilipanda gari nikarudi nyumbani.

Nimemwambia Mama ukuta upo, ila simu iliisha chaji. Amefumba macho akasema alhamdulillahi.

Jumamosi, 12 Aprili

Sikuenda. Nimefua hata mapazia.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimerudi Miasenyi. Ukuta wote ni kijani. Rangi bado inanuka.

Leo benchi lilikuwa limesogezwa, hakuna mtu. Nikaingia dukani, nikasalimu, nikajieleza vizuri tangu mwanzo mpaka mwisho. Sauti imetoka siku ambayo haina kazi. Mwenye duka ni mzee mpole. Alinisikiliza, akaweka chini mnyororo aliokuwa anaupima.

"Ungesema tu, mwanangu. Kona ndogo vile? Ningeiacha."

Afadhali angenifukuza.

Jumatano, 16 Aprili

Mama amesema picha tuiache, ataenda kuuona mwenyewe eda ikiisha.

Mama: rangi imechujuka?

Mimi: kidogo. Kwenye S.

Sijui jibu hilo nimelitoa wapi. Limetoka lenyewe, laini, kama kweli. Sasa kila siku ananiuliza swali jipya kuhusu ukuta na kila siku nina jibu. Jua linaupiga saa ngapi. Kuna nyufa? Nimeujenga ukuta mzima kichwani. Ni mzuri kuliko ule wenyewe.

Jumapili, 27 Aprili

Kesho shule zinafunguliwa. Shangazi Rukia, dada yake Baba, amekuja kupanga siku ya Mama kutoka eda. Pilau, wageni, hina. Mama amemkatiza. Kwanza Miasenyi, mengine baadaye.

"Wifi," Shangazi akasema, "ukuta huo ungekuwa mwanamume ungeshakuposa."

"Ulishaniposa," Mama akajibu. Wakacheka mpaka Shangazi akafuta machozi kwa ncha ya leso. Sijamsikia Mama akicheka tangu Januari. Nilienda chooni nikakaa huko.

Jumapili, 11 Mei

Eda inaisha kesho. Nimesema.

Alikuwa anakunja mashati ya Baba, yale yenye madoa ya rangi ambayo hataki kuyagawa. Nilisema haraka, nikitazama sakafu. Ngazi, kofia nyekundu, chaji ambayo haikuisha, kijani, S. Yote.

Hakufoka. Aliuliza moja tu. "Siku ile ya kwanza, ungeweza kuvuka?"

Nikasema ndiyo.

Akaendelea kukunja.

Alhamisi, 15 Mei

Siku ya nne. Ananiita tu kula. Nikitoka shule naikuta sahani yangu imefunikwa, yeye yuko chumbani na simu, anatazama KICHWA CHAKO, KAZI YANGU. Nyumba ni ya watu wawili na hatuonani.

Asubuhi leo amesema akiwa mlangoni, bila kugeuka: "Jumamosi tunakwenda."

Nikamwambia Mama, hakuna kitu pale.

"Nimesikia."

Jumamosi, 17 Mei

Tumefika mapema, jua bado liko upande. Benchi limerudi mahali pake na wanaume wamekaa. Mama alisimama na buibui lake ng'ambo, akaniangalia.

Nikavuka. "Shikamooni. Naomba mtusogezee benchi."

Wakasimama wote. Yule wa kofia nyekundu ndiye aliyelibeba.

Mama akaweka kiganja ukutani. Akawa anapapasa taratibu, kama mtu anayetafuta swichi kwenye chumba cha giza. Kushoto, chini kidogo. Nilitaka ardhi ipasuke. Kisha kidole kikasimama. Akanishika mkono, akakileta kidole changu palepale.

Mkia. Mkia wa kinyonga, chini ya kijani.

Mara tatu alipaka kila herufi. Zilikuwa bado zimesimama. Ukitazama kutoka ubavuni, jua likizigusa, unaona vivuli vyake. Tukazifuata moja moja.

"Nilimgombeza sana kwa hii rangi," Mama akasema. Akakaa kwenye benchi.

Nilichana karatasi ya katikati ya daftari, nikaibandika ukutani kwa kiganja, nikasugua penseli kwa ubavu wake. Herufi zikatokea nyeusi. HATA. NIKISHIBA. NITA. Mwishoni kabisa pikipiki zimeegemea miaka mingi, plasta imebomoka na kuzibwa. Hapo hakutokea kitu. Nilikuwa nianze kumalizia kwa mkono wangu, naijua herufi ya Baba kuliko mtu yeyote. Mama akanizuia.

"Paache hivyo hivyo."

Mwenye duka alituletea chai ya strungi, bila maziwa. Tumekunywa. Karatasi iko ndani ya msahafu wa Mama. Ameniachia mlango wa chumba chake wazi.