Mkono Mbele ya Kinywa

Jumanne

Nimemdanganya Odeta, na yeye alinitakia mema tu.

Ndiye muuguzi anayetufundisha sisi wenye kisukari pale kituo cha afya. Leo hakuzungumzia chakula. Alisema sukari inaharibu fizi, na fizi zikiugua sukari nayo inapanda. Akauliza nani anatoka damu akipiga mswaki.

“Mi sina meno, donc mi sina shida!” alisema Mzee Hamisi, fundi cherehani.

“Fizi ziko, papa. Fungua.”

Tulicheka wote, mimi nikiwa nimeziba kinywa kwa mkono kama kawaida yangu. Tulipotoka Odeta akanishika bega.

“Mama, dawa unakunywa na sukari haishuki. Unaficha nini na ule mukono?”

“Ni adabu tu, mwanangu. Wamama wa kwetu Bugeshi tunacheka hivi.”

Ni kweli tunacheka hivi. Lakini jino langu la nyuma linacheza, na harufu naisikia mwenyewe.

Tangu tumzike mume wangu sijapiga mswaki usiku. Yeye ndiye alikuwa ananimiminia maji uani, akilalamika, “We, maliza, baridi!” Mswaki wake bado uko kikombeni pamoja na wangu. Kila nikinyoosha mkono...

Naona haya hata kuandika.

Leo nimeuchukua wangu. Nimejimiminia maji mwenyewe, na niliyotema yalikuwa mekundu.

Kesho narudi kwa Odeta. Nitafungua kinywa, na mikono nitaikalia.