Gundi Nyeupe Niliyoifunika kwa Rangi

Nyumbani kwetu,
Chumba cha uani.
Jumanne, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Randa,

Pokea salamu zetu, pamoja na shikamoo za watoto ambao hujapata kuwaona. U hali gani? Mgongo bado unakusumbua ukiinama sana kwenye meza ya kazi? Shemeji hajambo? Mimi nipo. Nakula vijiko vitatu vya uji, na kalamu imekuwa nzito, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka. Daktari hakunificha kitu. Kabla sijaondoka, nina deni la kweli kwako.

Unaikumbuka mashua ya baba, na ule ubao uliooza ukingoni, pale kasia linaposhikizwa. Ulikata kipande kipya, ukakipiga randa mpaka kikakaa mahali pake kama jino. Ulikuwa na kazi kwingine, ukaniachia kugandisha tu. “Mwalimu,” ukaniambia, “gundi ni ile ya makopo mawili. Pima sawa kwa sawa, uiache siku nzima. Na usije ukasahihisha mbao kwa kalamu nyekundu!” Tulicheka.

Nilipoanza kuchanganya, kopo la dawa ya kukazia liliniponyoka, likamwagika lote sakafuni. Duka lilikuwa limefungwa, na baba aliitaka mashua kesho kutwa. Niliona aibu kusema kwamba msomi mzima nimeshindwa na kopo. Nikachukua gundi nyeupe tuliyotengenezea madawati shuleni. Nilisoma maandishi yake, Randa. Yalisema wazi kwamba haifai kwa kitu kinachokaa majini. Nikaipaka, nikabana, na ilipokauka nikapiga rangi mara mbili ili pasionekane kitu.

Wiki tatu baadaye kipande kiling'oka baba akivuta kasia kwa nguvu zake zote. Alianguka chali, nyonga ikavunjika, hakutembea tena. Hayo unayajua. Usilolijua ni kwamba mimi ndiye niliyeikagua mashua kwanza. Gundi ilikuwa imelainika, nyeupe, inateleza. Niliifuta kwa kidole gumba, nikajipangusa kwenye suruali.

Baba alikwambia mbele yetu sote, “Wewe si fundi. Wewe ni mpasua kuni.” Ukanigeukia: “Kaka, gundi uliiweka nilivyokuambia?” Nikajibu, “Kama ulivyoniambia.” Maneno mawili. Kesho yake ulifunga vifaa vyako ukaenda. Hata kwenye maziko yake hukuja, watu wakakusema kwa hilo pia, nami nikanyamaza.

Mwezi uliopita nilimweleza dada. Akasema, “Miaka thelathini na moja, kaka! Na wewe ndiye uliyetuchapa kwa kusema uongo.” Siku mbili hakuingia chumbani kwangu. Siku ya tatu alileta uji, akaketi. “Waite wote uwaambie. Halafu umwandikie mwenyewe, usimtume mtu.” Jumapili niliwaita, nikawaambia. Hakuna aliyenifariji, na ilikuwa haki yao.

Humu ndani ya bahasha kuna kibanzi cha kile kipande. Nilikihifadhi kwenye kisanduku cha chaki. Kitie kwenye bakuli la maji, ungoje kidogo. Utaona upande mmoja ukigeuka mweupe. Sitaki uamini maneno yangu, niliyaharibu mwenyewe.

Mashua ipo, imefunikwa kwa turubai. Pengo la ukingoni halijazibwa. Mafundi wawili walitaka kuliziba, nikawaambia fundi wake yupo. Dada amenunua makopo mawili mapya. Yako kwenye rafu juu ya kitanda changu, hayajafunguliwa.

Nisalimie shemeji na wanao, hasa yule kitinda mimba mwenye jina la baba. Shangazi haoni tena, lakini anasema mikono yako ataitambua akiishika. Mungu aitunze mikono hiyo, na akuondolee uchungu nilioutia mimi.

Sikuombi uwahi maziko yangu, wala unisamehe kwa haraka. Ila siku utakayokuja, ubao uwe mkavu, upime sawa kwa sawa, uiache siku nzima. Ulinifundisha vizuri, mdogo wangu. Mwanafunzi ndiye aliyekuwa mbaya.

Wako akupendaye, ingawa nimechelewa kuuonyesha upendo huo,

Kaka yako,
Mwalimu