Kipanya Kinachotembea Bila Mkono

Jumatatu, 8 Juni
Mimi nina bahati, jamani. Wenzangu wanaajiri watu, mimi nimeajiri akili mnemba. Nimeiweka mwenyewe kwenye kompyuta ya stesheneri kwa kufuata video, mimi niliyeishia kidato cha pili. Inapiga picha skrini, inatafuta kitufe kilipo, inasogeza kipanya, inabonyeza. Mimi naingiza taarifa za mteja tu, kisha nakunywa chai. Wiki nzima ya fomu, haijakosea hata moja. Dar nimekaa, Lusaka nimefika, kitu hiki sijakiona kwa mtu. Mtaa wote wa Mfaranyaki hapa Songea unakuja kuchungulia. Mama wa maandazi kasema ni uchawi. Nimemwambia ndiyo, ila huu una risiti.

Leo kaja Somoe, Myao wa Nalasi, kule Tunduru, kuomba chuo. Uuguzi na ukunga. Mwaka wa tatu huu anaomba. Hajavuka hata kizingiti: "Mngoni, hujafa tu?" Nikamjibu nasubiri Wayao waishe kwanza. Mtani huwezi kumpa salamu ya bure. Tumecheka mpaka fomu ikajituma. Karudi kwao kupuliza salfa kwenye mikorosho.

Jumanne, 9 Juni
Nimefungua fomu ya Somoe nichapishe nakala. Hakuna uuguzi. Imechaguliwa fani ya kutengeneza meno ya bandia. Mstari wa chini yake.

Chanzo nimekijua. Wiki iliyopita nilikuza maandishi ya skrini, kwa sababu macho yangu yamechoka na miwani sivai, inanizeesha. Programu inapima picha kivyake, kipanya kinaangukia kivyake, chini kidogo ya panapotakiwa. Onyo lilikuja, la Kiingereza. Nikabonyeza kukubali. Sikusoma.

Dirisha la maombi linafungwa Jumamosi. Na fomu iliyokwisha kutumwa haifunguki mpaka namba ya uthibitisho iingie kwenye simu ya mwombaji, aisome mwenyewe. Simu ya Somoe haipatikani. Yuko shamba.

Jumatano, 10 Juni
Haipatikani. Programu nimeizima. Mteja kauliza mbona kipanya leo hakitembei, nikasema kiko likizo. Kacheka. Mimi nikapiga tena simu ya Somoe.

Alhamisi, 11 Juni
Kapatikana saa nne asubuhi. Alikuwa kapanda kichuguu kutafuta mtandao. Nikamwambia: fomu yako imekosewa, umeombewa kutengeneza meno ya bandia, itaingia namba kwenye simu yako, nisomee.

Kacheka mpaka kakohoa. "Basi nitaanza na meno ya babu yako, Mngoni we!"

Nikasema sitanii. "Mtani gani hatanii? Halafu namba ndiyo wanayoombaga matapeli. Leo umejipanga!" Akakata. Nikapiga tena, nikaapa kwa marehemu mama yangu. Akasema, "Loo, hata marehemu unamtumia?" Akazima simu kabisa.

Najua kwa nini. Mwaka jana nilimpigia nikamwambia kachaguliwa chuo cha kuchunga mbuzi, nikamtaka aende na fimbo yake. Nilicheka wiki nzima. Sasa nina ukweli, na hakuna wa kuupokea.

Naogopa. Mwaka wa tatu wa mtoto wa watu, na kesho kutwa unapotea kwa sababu yangu.

Ijumaa, 12 Juni
Tunduru. Nimepanda basi la alfajiri. Gari la Nalasi nimekuta limeshaondoka. Gesti. Tangu asubuhi sijamtania mtu. Kondakta kaniuliza kama naenda msibani.

Jumamosi, 13 Juni
Pikipiki, vumbi, mgongo. Nimewakuta shambani, Somoe na baba yake, nyuso za njano kwa salfa. Nikamwamkia mzee shikamoo, kisha nikapiga goti. Mimi, Mngoni, kwa Myao, mchana kweupe. Nikasema yote. Programu, macho, onyo ambalo sikulisoma.

Somoe alikuwa anakuja na neno lake mdomoni. Kaniangalia, kalimeza, akaniita kwa jina langu. "Komba. Kumbe kweli?"

Kweli.

Tukakimbilia kwenye kichuguu. Ukurasa kwenye simu yangu ulifunguka taratibu mpaka nikataka kulia. Namba ikaingia kwake, akaisoma. Nikautafuta mstari kwa kidole, nikamsomea mara tatu. Kubonyeza nikamwachia yeye.

Imepokelewa. Uuguzi na ukunga.

Mzee kanimiminia maji ninawe. Tumekula ugali na kisamvu.

Jumatatu, 15 Juni
Songea baridi. Nimefungua stesheneri saa mbili. Nabonyeza mwenyewe, kitufe kimoja kimoja, na miwani nimenunua. Foleni ndefu. Kuna waliochoka wakaondoka. Sawa.

Jumatatu iliyopita niliandika hapa kwamba programu haijakosea hata fomu moja. Ilikosea. Karibu kila siku ilikosea. Nilikuwa nasimama nyuma yake, naikamata kabla haijatuma, narekebisha wateja wasione. Chai yenyewe sikuinywa. Siku ya Somoe nilikuwa nacheka, sikuangalia.

Niliandika nina bahati. Si kweli.