Farasi Huyu Amekula Wapi?

Ghorofa ya pili, mlango wa kijani,
Nyuma ya yadi ya malori.
Tarehe 19 Agosti.

Mpendwa kaka yangu,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Hujambo wewe, na wifi hajambo? Kile kikohozi cha mtoto kimekwisha? Na mgongo wako je, bado wanakubebesha maboksi peke yako huko ghalani? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila usingizi umenisusa. Cherehani nimeigusa mara mbili tu tangu tumzike Baba, na sare za wanafunzi zimejaa mezani hazina vifungo.

Kaka, nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu nilikukwepa. Uliniuliza swali moja, nami nikajifanya mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa safi kabisa. Uliuliza kwa nini Baba, Jumapili ile ya mwisho kusikia sauti yako, alikuambia tu, "Umefika salama? Haya, pumzika mwanangu," kisha simu ikarudi kwangu. Ukasema wiki tatu hizi maneno hayo yanakukosesha raha, kwamba Baba alikuwa anakupiga kijembe kwa kuwa hukuja kumwona. Hapana, kaka. Kosa ni langu, na ukimaliza kusoma utakuwa na haki ya kunikasirikia.

Itabidi nianzie mbali kidogo, kwenye filamu. Usinicheke.

Unakikumbuka kile kitabu kinene cha Nahodha na milima saba, alichotusomea Jumapili mchana mpaka jalada likabanduka? Sasa kimetengenezwa filamu, sehemu tatu. Fundi friji wa ghorofa ya chini ndiye aliyeileta, akaunganisha na televisheni yetu. Baba alivaa shati la kutokea. Alikaa kitini mbele kabisa, mikono magotini, mtu mzima wa miaka sabini na nne.

Furaha yenyewe haikumaliza nusu saa. Nahodha alitoka ngome ya barafu asubuhi juu ya farasi wake, picha ikakatwa, na jioni ileile tukamwona bandarini kusini, joho halina hata tope. Baba akaomba tusimamishe. "Huyu farasi amekula wapi?" aliuliza. Fundi friji alidhani ni mzaha. Hakujua anaongea na mtu aliyepanga safari za malori kwa miaka thelathini na moja. Kitabuni safari ile ni sura nne. Farasi anafia njiani katika sura ya pili, na Nahodha anaokolewa na fundi viatu asiyetaka hata kumwuliza jina lake. Fundi viatu wamemfuta, kifo cha farasi wamekifuta, njia nzima wameifuta. Baba alichukua karatasi chakavu akachora milima yote saba na kupiga hesabu. Siku thelathini na nane.

Basi ikawa hivyo kila tulipotazama. Malkia anajuaje yaliyosemwa ng'ambo ya milima na hana mjumbe? Jeshi la watu elfu kumi linapikiwa na nani, mbona hatuoni hata moshi? Fundi friji alijitahidi kutetea. Alisema, mzee, hii ni hadithi ya maajabu, si hata joka linalotema moto limo? Baba akamjibu kwa upole, "Joka nimelikubali. Joka lina mabawa." Tulicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kile ndicho kilichogoma kuondoka.

Hatukuifikia sehemu ya tatu. Mapafu yalimzidi. Tulihamishia kitanda chake sebuleni, chini ya dirisha la yadi, ili aone magari yakiingia na kutoka.

Alhamisi ile nilipokupigia, saa kumi na mbili jioni, nilikuwa nimekaa pembeni yake. Wewe ulinieleza kwamba karatasi zako za ukaazi bado hazijatoka, na ukiondoka kabla hazijatoka hawatakuruhusu kurudi kwa mkeo na watoto. Ulikuwa unalia. Baba alisikia upande wangu tu, na mimi nilikuwa naitikia, "Sawa kaka, nimeelewa, sawa." Nilipokata simu uso wake ulikuwa umechangamka. Aliuliza unaondoka saa ngapi. Kaka, nilishindwa. Nilimwambia unaondoka leo leo.

Ijumaa nesi alimchoma sindano, akalala kutwa. Jumamosi mchana aliamka ametulia, akaniuliza umefika wapi. Ulimi ulinitangulia. Nilimwambia ulikuja jana saa nne asubuhi, ukamkuta amelala, ukamshika mkono ukakataa tusimwamshe, na saa sita ukaondoka kwa sababu kazini wamekunyima ruhusa. Nilisema yote kwa pumzi moja, nikaona nimeongea vizuri.

Halafu akanitazama kwa lile jicho lake la yadini, ambalo madereva waliliogopa kuliko trafiki. Alitaka kujua ulipanda ndege gani. Ulingoja saa ngapi kati ya ndege ya kwanza na ya pili. Barabarani ulivukaje daraja, na tangu mvua zile magari yanapitishwa upande mmoja. Kila nilipojibu nilizidi kujichimbia. Alikuwa anahesabu kwa vidole juu ya blanketi. Safari yako, bila kuharibikiwa popote, ni mchana na usiku mzima. Mimi nilikuwa nimekufikisha kwa saa kumi na sita.

"Mwanangu," akasema, "huyu farasi amekula wapi?"

Niliinamisha uso nikajifanya nakunja shuka. Nilitaka kumwambia ukweli, kwamba huji, na sababu yake. Nikakunja tena shuka lilelile. Alinitazama muda mrefu, na nadhani aliona kila kitu. Kisha akageukia dirishani, ambako lori lilikuwa linarudi nyuma, akaanza kuongea polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache.

"Labda alipata ndege ya mizigo. Zile hazisimami katikati."

Nikasema labda.

"Na darajani Ijumaa hakuna foleni. Ukiwaambia una mgonjwa, wanakupitisha."

Aliendelea hivyo. Alikupa dereva, yule mrefu aliyestaafu naye, anayeijua njia ya nyuma ya machimbo ya kokoto. Alikupa chai ya chupa mnywe mkiwa mwendoni. Alipunguza saa moja hapa, saa mbili pale, mpaka safari ikaenea ndani ya zile saa zangu kumi na sita. Mtu ambaye hakuwasamehe wale wa filamu hata nusu siku, alilala pale na pumzi ya kuhesabu, anaziba mashimo ya uongo wangu moja moja. Alipomaliza aliniambia nikanawe uso.

Kwa hiyo ulipopiga Jumapili, kwa hesabu yake ulikuwa umetoka kwetu Ijumaa saa sita na umeshafika kwako. Alikuuliza alichomwuliza kila dereva wake kwa miaka thelathini na moja, na wewe kwa kutoelewa ukajibu, "Ndiyo Baba, nimefika, nipo nyumbani." Nilisikia, maana simu nilikuwa nimemshikia mimi. Akaniambia, "Amefika." Alasiri ile alilala bila kukohoa, kwa mara ya kwanza bila sindano. Jumanne asubuhi akatuacha, nikiwa nimeinuka tu kwenda kumchemshia maji.

Kama aliamini au alinistahi tu, sijui. Nimeligeuza jambo hili kila upande na bado sijui. Lakini kijembe hakikuwepo, kaka. Hilo naweza kuliapia. Nisamehe kwa kukusafirisha bila ruhusa yako. Yeye alikuwa na haki ya kuambiwa ukweli, na wewe ulikuwa na haki ya kuagana naye kwa ukweli, nami niliwanyang'anya wote wawili kwa woga wangu. Hili linaniuma, na sina wa kumwambia ila wewe.

Mazishi nilikueleza. Sikukuambia tu kwamba madereva walikuja na ovaroli zao za kazi, na yule mrefu ndiye aliyetangulia kushika jeneza. Aliniuliza kama utakuja. Nikasema hapana, karatasi bado. Lilikuwa neno langu la kwanza la kweli wiki ile.

Juzi fundi friji aliniletea sehemu ya tatu ya filamu. Aliiweka mezani akaondoka bila kukaa. Sikutaka kuitazama, nikaitazama. Kitabuni, kama unakumbuka, Nahodha anarudi kwao akiwa amechelewa, anakuta baba yake ameshazikwa na majani yameota juu ya kaburi. Baba alipotusomea sura ile sauti ilimkwama, ukamalizia wewe. Kwenye filamu wameibadilisha. Nahodha bado yuko ng'ambo ya milima saba, picha inakatwa, na papo hapo anafungua mlango wa chumba cha mgonjwa, buti safi, hata jasho hana, na mzee anageuza kichwa na kumwona. Siku zote thelathini na nane wamezimeza. Nilijua kabisa Baba angesema nini. Nilirudisha nyuma, nikamtazama akiingia tena. Nilirudisha mara nne.

Nisalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawashonea nguo, wanitumie vipimo. Fundi friji anakupa pole, na yule dereva mrefu vilevile. Mungu akulinde huko uliko, azitoe karatasi zako, na siku utakayokuja akujalie safari ya kawaida, ya kula njiani na kulala njiani. Hakuna tena wa kumwahi, ila mimi nipo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukungoja,
Dada yako.