Mharibifu wa Jumatano

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana nakujua: ukisoma umesimama utaanza kufagia huku unasoma, na hii inataka mikono yote miwili. Goti linaendeleaje? Shemeji ameacha kusema unatembea kama meza yenye mguu mmoja mfupi? Nisalimie watoto wote, hasa huyo kitinda mimba aliyeniuliza kwenye simu kama mama mdogo bado ana meno. Mwambie ninayo yote, na nitamng'ata nayo.

Mimi sijambo. Cherehani nayo haijambo, ingawa mkanda wake umeanza kulegea. Baba kimwili yuko salama. Anakula vizuri, anaoga mwenyewe, na kila siku analalamika kwamba mboga haina chumvi hata ikiwa na chumvi ya kutosha kijiji kizima.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Baba hukaa pale pale sebuleni nikizungumza nawe, na wewe huuliza upesi nami nikajibu upesi, na hayo majibu ya upesi ndiyo yaliyonifikisha hapa nilipo.

Unajua kwamba baada ya kustaafu hakuacha kwenda hospitali. Miaka ishirini na sita ya kutunza kompyuta za watu wengine haifutiki kwa keki na saa ya ukutani. Alikuwa akiamka, anavaa shati la mikono mirefu, anatia kitambulisho shingoni, anatoka. Mlinzi wa getini alikuwa akimkalisha kwenye kibanda chake, anampa gazeti, kisha ananipigia nikamchukue. Hayo nilikwambia, tukacheka. Ambalo sikukwambia ni la mara ya mwisho. Siku hiyo mlinzi alikuwa akimsaidia mgonjwa kushuka kwenye gari, na baba akapita. Alikwenda moja kwa moja hadi chumba cha mitambo akachomoa waya, akisema uko mahali pasipo pake. Mapokezi yote yakasimama saa nzima.

Mkuu wa mitambo wa sasa ni yule binti mrefu ambaye baba mwenyewe alimfundisha kazi. Alimleta nyumbani kwa gari lake na hakumpandishia sauti hata kidogo. Ila pale mlangoni, huku anatazama viatu vyake, aliniambia kwamba hataweza kumruhusu tena kuingia. Wiki iliyofuata akarudi na kompyuta kuukuu kwenye buti, moja ya zile zilizoondolewa kazini, akasema labda itampa mzee kitu cha kushika. Tukaiweka juu ya meza ya kulia, karibu na dirisha, kando ya vitambaa vyangu. Baba aliifuta vumbi kwa kitambaa cha mteja, na sikuwa na moyo wa kumkataza.

Sasa kaa vizuri. Asubuhi moja nilimpelekea chai. Nilikuwa na futi ya kupimia shingoni, kama kawaida. Akanitazama kwa adabu, dada, na hiyo adabu ndiyo iliyonichoma, akaniuliza kama nimetumwa na ofisi ya waajiriwa. Niligeuka nyuma kuangalia anazungumza na nani. Hapakuwa na mtu. Nikasema ndiyo.

“Mwanagenzi?”

“Ndiyo, mzee.”

Akasogeza kiti chake, akanionyesha kingine, akaniambia niketi na nisiguse kitu.

Nimeifikiria sana hiyo ndiyo yangu. Ningeweza kusema, Baba, ni mimi. Lakini nilikuwa nimeshamwambia hivyo wiki moja kabla, na nikamwona alivyoshtuka kama mtu aliyefumaniwa, kisha akaniomba radhi mchana kutwa, hata nikimpa kijiko. Sikutaka kuuona uso ule tena.

Basi nikawa mwanafunzi wake. Wewe wajua nilivyokuwa, sikujua hata kuwasha kompyuta bila kuuliza. Alinieleza kila kitu kwa mifano ya hospitali, maana ndiyo nyumba anayoijua. Aliniambia ndani ya ile mashine kuna mlango mkuu mmoja tu, unaandikwa kwa mstari mmoja ulioinama, nao huitwa mzizi. Ukiingia hapo unakuta folda, na kila folda ina kazi yake, kama wodi. Ile inayoitwa bin ni kabati la vifaa, mikasi na sindano za mashine. Tmp ni benchi la wagonjwa wa kupita, mashine ikizimwa na kuwashwa benchi linafagiwa, kwa hiyo usiache hapo kitu unachokipenda. Var ni mambo yanayobadilika kila siku, na ndani yake kuna log, ambayo ni daftari la manesi la zamu: nani aliingia, saa ngapi, nini kilitokea. Home ni vyumba vya wafanyakazi, kila mtu na chake, na hakuna ruhusa ya kupekua cha mwenzako. Halafu kuna etc. Herufi tatu tu, lakini alipoitaja alishusha sauti. Humo ndimo yalimo maagizo. Mashine ijiite nani, izungumze na printa ipi, iamke saa ngapi, imruhusu nani. Ni maandishi ya kawaida kabisa, yanasomeka na binadamu, na herufi moja ikikosewa wodi nzima inasimama.

Nilichokipenda ni kwamba katika mafaili hayo ukianza mstari kwa alama ya reli, mashine inauruka haiusomi. Baba aliniambia mistari hiyo ni ya watu. Alinifungulia faili moja la zamani akanionyesha aliyoandika yeye mwenyewe: usibadilishe hapa kabla ya kuongea na maabara. Na chini yake: nesi wa zamu ya asubuhi haoni vizuri, acha herufi kubwa. Dada, tuliishi na mtu huyu miaka yote hiyo tukidhani kazi yake ni waya.

Siku nyingine akiwa anasubiri mashine iwake alinihadithia kuhusu binti zake. Alisema ana wawili. Mkubwa ana kichwa kama shoka, ameolewa mbali, na huwa anamkumbuka akisikia mtu anacheka kwa kukoroma. Samahani, ni maneno yake. Mdogo ni mshonaji. Akasema kwamba huyo mdogo yeye hakuwahi kumfundisha kazi hii. Alidhani haitaki, na hakuwahi kumuuliza. Nilikuwa nimekaa umbali wa kiwiko. Nikamwambia labda hata binti naye alidhani hatakiwi kuuliza. Akatikisa kichwa akasema huenda, kisha akanirudisha kwenye somo.

Sasa nafika pale ninapoogopa.

Uliniuliza baba anafanya nini mchana, nikakwambia hospitali wamempa kazi ya kufanyia nyumbani, kila Alhamisi. Ukafurahi. Ukawaambia wakwe zako kwamba baba yako bado anategemewa. Na mwezi uliopita uliponiuliza uje sasa au usubiri likizo ya watoto, nikakwambia subiri tu, mzee ana kazi zake.

Dada, hakuna kazi. Mashine ile haijaunganishwa na kitu chochote duniani isipokuwa umeme na printa kuukuu iliyokuja nayo. Kilichotokea ni kwamba baada ya wiki mbili baba alikuwa ameitengeneza yote, ikawa nzima kama mpya, na siku ya pili yake nikamkuta mlangoni anatafuta viatu. Nikaona nitampoteza barabarani. Basi Jumatano, alipojilaza baada ya chakula cha mchana, niliketi kwenye kiti chake, nikaingia etc kama alivyonifundisha, nikalifungua faili la printa, nikafuta herufi moja. Jasho lilinitoka utadhani nimeiba. Kesho yake nikamwambia mapokezi hawawezi kuchapa kadi za wagonjwa. Dada, ungemwona alivyoinuka! Alichukua dakika arobaini. Saa sita simu ikalia, mkuu wa mitambo akamshukuru, foleni inasonga. Nilikuwa nimemwomba binti wa watu aseme hivyo mara moja tu. Amekuwa akipiga kila Alhamisi tangu hapo, bila mimi kumkumbusha.

Miezi mitano nimeharibu kila Jumatano na yeye ametengeneza kila Alhamisi. Baba yetu amekuwa akifanya kazi ya uongo, na mwongo ni mimi, na wewe nilikudanganya pia.

Lakini sikiliza ya Alhamisi iliyopita.

Nilimwambia kama kawaida kwamba wamepiga, mashine imekataa kujitaja jina. Hakukimbilia etc. Alifungua log. Akasoma muda mrefu, mpaka chai ikaota utando. Mimi nilikuwa nakata pindo la gauni, mkasi ukaanza kwenda upande.

“Mwanagenzi,” akasema, “kuna mtu.”

Nikauliza mtu gani.

Akanieleza taratibu, kama anavyonieleza kila kitu. Kila Jumatano, kati ya saa nane na saa tisa mchana, mtu anaingia kwa ufunguo wa mkubwa, ule unaofungua wodi zote. Anagusa faili moja tu. Anatoka. Kesho yake sisi tunahangaika. Kisha akafungua faili jingine lililofichwa, lile ambalo jina lake linaanza na nukta, mashine huandikamo kila amri iliyowahi kupewa. Sikuwa nikijua kama lipo. Mistari yangu yote ilikuwa humo, wiki baada ya wiki. Aliishusha kwa kidole, mmoja mmoja, na mimi nilikuwa tayari kupiga magoti na kusema.

Akacheka. Kicheko kidogo cha puani.

Akaniambia nitazame. Mtu huyu kabla ya kuharibu anatoa nakala ya faili zima, anaiweka pembeni, anaiandikia tarehe. Kila mara, hajasahau hata Jumatano moja. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

“Adui hafanyi hivi,” akasema. “Huyu ameweka nakala ili nikishindwa, nisiaibike.”

Nilimuuliza kama tumripoti kwa mkuu. Akakataa kabisa. Akasema kosa la mtu huyo ni moja tu, anapita na ufunguo wa mkubwa, na siku moja mkono utamteleza afute hospitali nzima. Dawa yake si kumfukuza, ni kumpa chumba chake. Akaandika amri ya kumwongeza mtumiaji mpya, ili apate folda yake ndani ya home, kama mfanyakazi mwingine yeyote. Mashine ikauliza jina. Sikumwambia kitu, wala yeye hakuniuliza. Akaandika: chiriku.

Unalikumbuka jina hilo. Wewe na mama ndio mliokuwa mkiniita hivyo, nilipokuwa mdogo nikiongea mpaka usingizini. Tangu mama afariki sijalisikia kinywani mwa mtu. Baadaye alipolala niliipekua mashine yote, folda kwa folda, nione kama limeandikwa mahali akalisoma. Halipo. Lipo pale tu alipoliandika yeye.

Nilimuuliza amelitoa wapi. Akasema ni jina zuri kwa mashine, herufi saba, halina nafasi katikati. Kisha akaniuliza kama nimekunywa chai, na kama nina muda mrefu tangu niajiriwe.

Jumatano ya jana sikuharibu kitu. Leo asubuhi aliikagua mashine yote akaikuta nzima, na mimi nikabaki nimeshika uzi, nasubiri aanze kutafuta viatu. Hakutafuta. Aliniambia kwa kuwa hakuna mgonjwa leo, nilete kiti, anifundishe kuandika faili la maagizo kuanzia ukurasa mtupu. Tumekaa mpaka nilipochukua kalamu hii. Gauni la mteja halijaguswa.

Kwa hiyo, dada, nafuta lile neno langu la subiri. Usingoje likizo, njoo sasa, watoto wakikosa shule wiki mbili hawatakuwa wajinga zaidi ya tulivyokuwa sisi. Ukifika usimuulize kama anakujua. Kaa tu karibu naye, na akikuuliza kama umetumwa na ofisi ya waajiriwa, fanya utakavyoona, mimi sina tena haki ya kukushauri. Ila likitokea jambo la kuchekesha, usikizuie kicheko chako.

Ukiwa na hasira na mimi, njoo nayo, tutaipokea pamoja na mizigo. Mpe shemeji mkono wangu, wabusu watoto, na goti ulifunge kitambaa cha moto kabla ya safari. Baba anauliza naandika nini muda wote huu. Nimemwambia nakuandikia wewe. Amesema nikusalimie, na nikukumbushe kuvaa sweta.

Ni mimi mdogo wako, ninayekungoja.