Jumuiya Isiyomtambua Mama

Mama,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini ulinilea hivyo, siwezi kuanza na lawama kabla ya salamu. Lawama ninazo, tena nyingi, na wewe si wa kwanza kwenye foleni.

Bibi yu hai. Ndilo ungeuliza kwanza. Mkweo uliyemuuguza kitandani tangu baba afariki, ndiye aliyebaki, ukatangulia wewe. Nimefunga kibanda changu cha ushonaji pale Maili Moja, cherehani nimeihamishia huku Kibuta, na sasa mimi ndiye ninayemgeuza. Ananiita kwa jina lako. Mwanzoni nilikuwa namrekebisha, siku hizi naitika tu.

Wewe ndiye uliyenilazimisha nijiunge na ile kozi ya jioni kule Kibaha, ya kusoma jinsi Wakristo wa zamani walivyosali na sisi wa leo tunavyoweza kuishi hivyo. "Nenda kasome, halafu uje unisimulie, mimi sitoki hapa." Nikawa nakuja Jumapili kukusimulia, wewe umekaa pembeni ya kitanda unampaka Bibi mafuta ya nazi mgongoni. Nilipokueleza habari za wamonaki waliokwenda jangwani kukaa peke yao, ulicheka hadi Bibi naye akacheka bila kujua kinachochekesha. Ukasema, "Hao hawakuwa na mgonjwa wa kugeuza." Sala ya kukaa kimya uliikataa moja kwa moja, eti Bibi akinyamaza tu wewe unashtuka. Ila ile ya maneno machache kwa kufuata pumzi uliichukua. Ukivuta, "Bwana Yesu"; ukishusha, "unihurumie." Ukawa unamgeuza Bibi nayo, ukaniambia mikono imepungua kutetemeka. Nilifurahi kama niliyekuletea dawa.

Sasa nikueleze kilichotokea ulipofariki, maana hukukiona.

Asubuhi ile nilikwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, hata uso sijanawa. Nilidhani atanyanyuka tupange misa ya mazishi. Akaniuliza ulikuwa unasali jumuiya gani. Mama, mtu ambaye nyumba yake na yetu zinatazamana! Nikamwambia ya hapa hapa, na anajua kwa nini Jumamosi ulikuwa huonekani kwenye sala zao za nyumba kwa nyumba. Akasema, "Mwanangu, sisi hatumtambui. Hakuwa anahudhuria. Utaratibu ni utaratibu, hata padri hawezi kuja bila sisi." Nikamuuliza mgonjwa ulitakiwa umwachie nani. Akasema kila nyumba ina mgonjwa wake.

Waliokuzika ni majirani zetu Waislamu. Baba Omari na wanawe walichimba kaburi, wakakubeba, kisha wakasimama kando wakaniuliza kwa adabu kama sisi tuna dua yetu, watasubiri. Ndugu zetu wa Marui walikuwa bado njiani. Nikasoma zaburi kwenye simu, nikaishia katikati. Ikabaki ile sala ya pumzi, nikairudia mpaka wakamaliza kufukia. Hakuna aliyeimba. Wewe uliyependa nyimbo za kanisani kuliko chakula, ulishushwa kimya kimya, na hilo linanichoma kuliko yote.

Mwalimu wa kozi ananitumia masomo kwa simu siku hizi. Majuzi alirudi kwa wale wa jangwani, anaeleza jinsi Kanisa linavyowaheshimu mpaka leo kwa kujitenga na watu wakasali. Nilizima simu. Wao walijitenga wakaitwa watakatifu, wewe ulijifungia na mama wa mumeo ukaambiwa hutambuliwi. Nina hasira, mama. Hata na wewe ninayo. Kwa nini hukuwahi kuwagombeza hao wa jumuiya? Kila nikikuuliza, jibu lilikuwa moja, "Waache, Mungu anaona." Aliona, sawa, lakini jeneza lako lilihitaji mabega yao.

Wiki mbili zilizopita mwenyekiti alikuja. Kwaresima imekaribia, wamesikia nimesoma, wanataka niwafundishe kusali. Alikaa kwenye kiti chako, akaomba na maji ya kunywa, nikampa. Nikamjibu nitafundisha, ila humu chumbani kwa Bibi, jumuiya imfuate mgonjwa kwa sababu mgonjwa hawezi kuifuata. Akasema atawaeleza wenzake. Jumamosi nikafagia, nikaazima mikeka kwa mama Omari, nikamvalisha Bibi gauni jipya nililomshonea mwenyewe. Hawakuja. Niliwasikia wakiimba nyumba ya pili. Bibi akauliza wageni wako wapi, nikamwambia wamechelewa kidogo.

Kwa hiyo na mimi sasa ni mtoro wa jumuiya. Nikifa leo watasema yale yale.

Lala, mama yangu, huku nitahangaika mimi. Kozi nitaimaliza, kwa kuwa ulinituma wewe, si wao. Bibi hatapata kidonda mgongoni nikiwa hai. Na Jumamosi nitatandika tena mikeka na kuacha mlango wazi, na Jumamosi nyingine vilevile. Usidhani nimewasamehe. Nataka waingie, wakae pembeni ya kitanda hiki, wamwone aliyelala hapa na ngozi yake isiyo na jeraha, halafu mmoja wao anitazame usoni aniambie tena kwamba hawakutambui.

Mwanao,
Tekla